SAUTI YA JUU NA SAUTI NYEMBAMBA
Historia ya kunasa milio ya ndege, na funzo lake kwa istilahi za sauti

Utangulizi

Katika kazi ya kusanifu istilahi, maneno mageni siyo yanayotutaabisha zaidi. Neno geni hujulikana tangu mwanzo kuwa ni geni, na kila mmoja hulishika kwa hadhari. Taabu kubwa huletwa na maneno tuliyoyazoea, ambayo kila mtu anadhani anayafahamu, kumbe kila mtu anayafahamu kwa namna yake. Miongoni mwa maneno hayo ni "sauti ya juu". Mwalimu anapomwambia mwanafunzi asome kwa sauti ya juu, anataka darasa zima limsikie. Mwalimu wa kwaya anapowaambia wanawake waimbe sauti ya juu, hataki wapige kelele; anataka waimbe sauti ya kwanza, hata kama ni kwa upole. Naye mfasiri wa kitabu cha fizikia, akikutana na habari za sauti yenye mitetemo mingi katika kila sekunde, huandika vilevile "sauti ya juu", akaendelea na sentensi inayofuata bila wasiwasi.

Jambo hili lingekuwa dogo kama lingeishia vitabuni. Lakini sivyo. Muuguzi anayepima masikio ya mtoto hana budi kujua mambo mawili mbalimbali: mtoto anasikia sauti ndogo kiasi gani, na anasikia sauti nyembamba kiasi gani. Mtoto anaweza kusikia vizuri sana ngoma, mngurumo wa gari na irabu za maneno, na papo hapo asisikie "s" wala "f". Ikiwa fomu ya upimaji imeandikwa "sauti za juu" peke yake, muuguzi mmoja atapaza sauti na mwingine atatafuta kifaa chenye mlio mwembamba, na majibu yao yataingizwa katika safu moja ya karatasi. Mtoto aliyeitika alipopaziwa sauti ataandikwa kuwa mzima, kisha atarudi darasani na kuonekana mzembe.

Katika makala haya tunakusudia kulichunguza neno hili kwa njia ya historia. Tumechagua historia ya watu walionasa milio ya ndege, kwa kuwa hao ndio walioshurutishwa na kazi yao kutenganisha mambo ambayo sikio na ulimi huyachanganya. Na tutaifuata historia hiyo kutoka mahali pamoja, nao ni ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, ambako tambarare ya mpunga na mlima mrefu hukutana katika hatua chache, na ambako uchunguzi wa ndege ulianza mapema.

Milio ya ufukoni

Msafiri aliyelala Matema huamshwa alfajiri na milio mingi kwa pamoja. Ziwani yumo furukombe, ambaye wengine humwita kwazi. Dume na jike hutupa vichwa nyuma na kupiga kelele inayosikika mbali juu ya maji. Jina lake la kisayansi, vocifer, maana yake ni mpaza sauti. Karibu na midomo ya mito, Mbaka, Lufilyo na Kiwira, mdiria hupita akitoa mlio mkali, mfupi na mwembamba. Kwenye migomba na mikakao yumo chozi, ndege mdogo afyonzaye maua, ambaye mlio wake ni mwembamba na mdogo hata mtu asiyetulia hausikii. Na kichakani yumo tiva, ambaye sauti yake ni kama filimbi ikijibiwa na filimbi nyingine.

Tukipanda kutoka ufukoni kuelekea misitu ya Rungwe na ya milima ya Livingstone, tunamkuta mnyama aliyewashangaza wataalamu wa dunia katika mwaka 2005, nao ni kima aitwaye kipunji. Jina hilo ni la Kinyakyusa, na sayansi imelichukua lilivyo. Wataalamu waliomweleza kwa mara ya kwanza walitaja mlio wake mkubwa na mnene kuwa mojawapo ya alama za kumtofautisha na jamaa zake.

Msomaji aziangalie sauti hizi tena. Kipunji ana sauti kubwa na nene. Nyenje wa mchana wa joto ana sauti kubwa na nyembamba. Njiwa anayeguna mtini kwa mbali ana sauti ndogo na nene. Chozi ana sauti ndogo na nyembamba. Hapa zipo sifa mbili, si moja, na kila moja inaweza kubadilika bila kuigusa nyenzake. Kiswahili cha kila siku kinazo jozi zote mbili tayari: "kubwa" na "ndogo" kwa ile ya kwanza, "nene" na "nyembamba" kwa ile ya pili. Neno "juu" ndilo linaloingia kati na kuzifanya zionekane kuwa kitu kimoja.

Siku za kalamu na bunduki

Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani walikuwa na kituo cha utawala kwenye ufuko wa kaskazini-mashariki wa ziwa, kilichoitwa Langenburg, kabla ya makao kuhamishiwa milimani, mahali tunapopaita leo Tukuyu. Huko alikaa daktari wa jeshi jina lake Friedrich Fülleborn, ambaye pamoja na kazi ya tiba alikusanya wanyama na ndege kwa ajili ya makumbusho ya Berlin. Baadaye, katika mwaka 1906, alichapisha kitabu kikubwa juu ya nchi ya Nyasa na Ruvuma. Ndege aliowapeleka walichunguzwa na Anton Reichenow, naye katika mwaka 1900 aliwapa baadhi yao jina la daktari huyo. Mmoja wao ni tiva mweusi wa milimani, Laniarius fuelleborni.

Tiva huyo alifika Berlin akiwa ngozi iliyojazwa pamba. Rangi yake ilionekana, urefu wa bawa na wa mdomo ulipimwa kwa milimita, lakini sauti yake ilibaki msituni. Mtaalamu wa siku hizo aliyetaka kueleza mlio wa ndege alikuwa na njia mbili tu: kuuandika kwa herufi kama alivyousikia, au kuuandika kwa noti za muziki. Njia zote mbili zilitegemea sikio la mwandishi na lugha yake. Mjerumani aliandika kwa masikio ya Kijerumani na Mwingereza kwa masikio ya Kiingereza, na wote wawili waliweza kumwandika ndege mmoja kana kwamba ni wawili.

Hata hivyo sauti haikuweza kupuuzwa milele. Katika jamii ya ndege wadogo wa nyasi waitwao Cisticola, ambao sisi huwaweka pamoja na videnenda, spishi nyingi zinafanana rangi hata mtaalamu mwenye ngozi zao mkononi hushindwa kuzitenganisha. Mwingereza Hubert Lynes, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, alitumia miaka mingi kuwafuata ndege hao Afrika nzima, na mwaka 1930 alitoa mapitio makubwa ya jamii hiyo. Alitambua kwamba ndege hawa wenyewe hutambuana kwa milio na mienendo, na kwamba mtaalamu naye hana budi kufanya hivyo. Mwaka 1933 alimpa mmojawapo jina la Njombe, Cisticola njombe, ndege wa nyanda za juu zilizo mashariki ya ufuko wetu. Majina mengi ya Kiingereza ya ndege hawa yanatokana na namna wanavyolia, na hilo ni ushahidi kwamba sikio lilikuwa limeanza kuhesabiwa kuwa chombo cha sayansi. Kilichokosekana kilikuwa kipimo.

Nta, filamu na utepe

Kipimo kilianza kama mchezo wa mtoto. Mwaka 1889, mjini Frankfurt, mtoto wa miaka minane aitwaye Ludwig Koch alipewa mashine ya Edison ya kunasa sauti kwenye mche wa nta, akaitumia kunasa mlio wa ndege aliyefugwa tunduni. Huo ndio mlio wa ndege wa kale kuliko yote iliyohifadhiwa. Koch mwenyewe alikimbilia Uingereza mwaka 1936 kwa sababu ya mateso ya Wayahudi, na huko akawa maarufu redioni kwa milio ya ndege.

Mashine hiyohiyo ya nta ilifika kwetu mapema, ingawa si kwa ajili ya ndege. Mjini Berlin hazina ya sauti ilianzishwa mwaka 1900, na mwaka 1906 Karl Weule alinasa nyimbo na ngoma katika kusini ya nchi yetu. Anayesikiliza minaso ya namna hiyo leo husikia sauti za watu kana kwamba zinatoka ndani ya mtungi. Sababu yake ni kwamba pembe na sindano ya mashine ile havikuweza kufuata mitetemo ya haraka sana. Mitetemo iliyozidi elfu chache kwa sekunde ilipotea kabla ya kufika kwenye nta. Sauti ya mwanamume iliyokuwa nene ilibaki; ncha za konsonanti zilififia; na mlio wa ndege kama chozi usingeacha alama yoyote, hata kama ndege huyo angelia mbele ya pembe yenyewe.

Hapa ndipo lilipo funzo la kwanza. Mtu angeweza kudhani kwamba ndege kama huyo hasikiki katika nta kwa kuwa sauti yake ni ndogo, basi akajitahidi kumsogelea. Kumbe tatizo halikuwa udogo wa sauti bali wembamba wake.

Mwezi Mei 1929, mjini Ithaca nchini Marekani, Arthur Allen na Peter Paul Kellogg wa Chuo Kikuu cha Cornell walinasa ndege wa porini kwa kutumia filamu za senema zenye sauti. Katika filamu ya aina hiyo sauti huandikwa kama mistari ya mwanga na giza pembeni mwa picha. Mwenzao Albert Brand aliona kwamba mistari hiyo inaweza kuwekwa chini ya darubini na kuhesabiwa. Kila mtetemo ulikuwa mstari. Idadi ya mistari katika kipande cha filamu cha sekunde moja ilikuwa idadi ya mitetemo ya sauti. Mwaka 1938 alitoa matokeo ya vipimo vyake juu ya ndege waimbaji: wastani ulikuwa kiasi cha mitetemo 4,000 kwa sekunde, yaani karibu na noti nyembamba kuliko zote za kinanda kikubwa. Tunamwomba msomaji aishike habari hii ya kuhesabu, maana tutairudia tutakapofika kwenye istilahi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ukaja utepe wa sumaku, na pamoja nao mashine ambazo mtu mmoja aliweza kuzibeba begani. Katika Afrika Mashariki aliyetia bidii zaidi alikuwa Myles North, ofisa tawala nchini Kenya. Sahani yake ya santuri ya milio ya ndege wa Afrika ilitolewa na Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1958, na nyingine ikafuata mwaka 1964. Kwa njia hiyo mtu aliyekuwa mbali na Afrika aliweza kuwasikia ndege wake.

Sauti inapochorwa

Hatua iliyofuata ilitokana na masuala ya lugha, si ya ndege. Katika miaka ya 1940 maabara za kampuni ya simu ya Bell nchini Marekani zilibuni mashine ya kuchora sauti kwenye karatasi. Mojawapo ya makusudio yake lilikuwa kuwawezesha viziwi kuyasoma maneno kwa macho, na kitabu cha kueleza kazi hiyo kilitoka mwaka 1947. Katika mchoro huo, muda huenda kutoka kushoto hadi kulia; idadi ya mitetemo huhesabiwa kutoka chini ya karatasi hadi juu; na nguvu ya sauti huonyeshwa na weusi wa wino. Mambo matatu, kila moja na mahali pake.

W. H. Thorpe wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliichukua mashine hiyo na kuitumia kwa ndege katika miaka ya 1950. Baadaye aligeukia jamii ya tiva wa Afrika Mashariki, na mwaka 1963 alionyesha jambo ambalo sikio halingeweza kulithibitisha. Wimbo tunaoudhani kuwa wa ndege mmoja mara nyingi ni wa wawili: dume na jike, kila mmoja akiingia mahali pake baada ya sehemu ndogo ya sekunde, na kwa usahihi mkubwa. Mwaka 1965 yeye na North waliandika pamoja juu ya uimbaji huo wa kupokezana. Sikio la mtu husikia wimbo mmoja. Karatasi huonyesha waimbaji wawili, huyu mwembamba, huyu mnene, mmoja mweusi zaidi kwa wino na mwingine mwepesi.

Wasomi wa isimu wanaufahamu mchoro huu, kwa sababu ndio uliowawezesha kuona irabu na konsonanti kwa macho. Katika mchoro wa neno la Kiswahili kama "sasa", irabu "a" hukaa sehemu ya chini ya karatasi kwa wino mzito, na "s" hukaa sehemu iliyozidi mitetemo 4,000 kwa wino hafifu. Simu ya zamani ilipitisha mitetemo kati ya 300 na 3,400 tu kwa sekunde, ndiyo maana aliyetajiwa jina simuni hulazimika kuuliza, "Ni Saidi au Faidi?" Sauti ya msemaji si ndogo. Sehemu nyembamba ya sauti yake ndiyo iliyozuiwa njiani.

Yaliyodhihirika kuhusu sauti nyembamba

Kwa muda wa miaka mia moja na zaidi, minaso ya ndege imetufunulia mambo manne kuhusu sauti nyembamba, ambayo mwalimu anaweza kuyafundisha bila maabara.

La kwanza ni kwamba sauti nyembamba haisafiri kama nene. Sauti huenda hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Ikiwa mitetemo ni 1,000, wimbi moja lina urefu wa sentimita 34; ikiwa ni 8,000, wimbi lina urefu wa sentimita nne na ushei. Wimbi refu huzunguka shina la mgomba na kuendelea. Wimbi fupi hugonga kila jani la mkakao na kutawanyika, na hewa yenyewe hulipunguza nguvu upesi zaidi. Mwaka 1975 Eugene Morton, aliyechunguza ndege wa Panama, alionyesha kwamba ndege wa ndani ya msitu hutumia kwa jumla sauti nene kuliko wale wa mahali pa wazi.

La pili ni kwamba wembamba unaweza kuwa kinga. Peter Marler alieleza mwaka 1955 kwamba ndege wadogo waonapo mwewe hutoa mlio mwembamba, unaoanza na kwisha polepole, ambao ni vigumu kujua unatoka wapi. Wenzao huonywa, na adui hapati mahali pa kulenga.

La tatu linahusu sikio letu wenyewe. Mtoto mwenye masikio mazima husikia mitetemo kuanzia 20 hivi hadi 20,000 kwa sekunde. Kadiri umri unavyosogea, ukomo huo unashuka, na mtu aliyepita miaka 60 huwa kwa kawaida amepoteza sehemu kubwa ya mitetemo inayozidi 10,000. Mzee wa Kyela anayesema kwamba siku hizi ndege wadogo wamepungua shambani huenda anasema kweli. Lakini huenda pia ndege wapo, na masikio ndiyo yaliyopungukiwa. Kumpazia sauti mzee huyo hakumsaidii sana, kwa maana anachokosa si ukubwa.

La nne ni kwamba ndege si mabingwa wa wembamba kama tulivyodhani. Vyombo vya leo, vinavyochukua vipimo 44,100 au zaidi katika kila sekunde, vinaweza kunasa mitetemo inayopita upeo wa sikio la mtu. Minaso hiyo inaonyesha kwamba milio mingi ya ndege hukaa kati ya mitetemo 1,000 na 8,000, na ndege wengi hawasikii vema mitetemo inayozidi 10,000. Mambo yanayojaza sehemu ya juu kabisa ya mchoro, hasa usiku, ni wadudu kama senene, na popo wanaowinda kwa mwangwi. Tangu mwaka 2005 kuna hazina ya milio ya ndege wa dunia nzima, iitwayo Xeno-canto, iliyoanzishwa na Waholanzi wawili, ambamo mtu yeyote mwenye chombo cha kunasia huweka minaso yake na kuiona ikichorwa papo hapo. Kijana wa Kyela mwenye simu ya mkononi leo anao uwezo ambao Fülleborn hakuuota.

Neno "juu" na neno "masafa"

Sasa turudi kwenye istilahi. Mchoro wa Bell ulipanga mitetemo kutoka chini kwenda juu ya karatasi, kama noti za muziki zinavyopangwa katika mistari yake. Lugha nyingi za Ulaya zimelizoea wazo hilo hata zinaita sauti ya mitetemo mingi kuwa "ya juu" bila kufikiri. Kwetu "juu" lilikuwa na kazi nyingine tayari. Kupaza sauti ni kuiongeza ukubwa. Kusema kwa sauti ya chini ni kusema polepole ili jirani asisikie. Mfasiri anayeleta "juu" na "chini" za mitetemo huziweka juu ya kiti ambacho kina mtu.

Wenzetu wa isimu wameonja taabu hii. Kiswahili hakina toni za kutofautisha maana ya maneno, wala Kinyakyusa hakina, ingawa lugha nyingi za Kibantu zinazo. Mwanafunzi wa kwetu anapoambiwa kwamba silabi fulani ina toni ya juu, mara nyingi huitamka kwa nguvu. Ndiyo maana tunaona kwamba neno "kidatu", ambalo wanaisimu wamelitumia kwa ajili ya wembamba na unene wa sauti ya msemaji, ni neno jema na lilindwe. Nazo kwaya zetu, tangu enzi za misheni, Wamoravian wakiwa wamefika Rungwe mwaka 1891, zimejiepusha na tatizo hili kwa kuzihesabu sauti: ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne.

Neno "masafa" lina shida ya namna nyingine. Asili yake ni umbali baina ya vitu viwili. Redio ilipoingia, wasikilizaji wetu walizoea kuambiwa "masafa mafupi" na "masafa ya kati", na hapo neno lilifuata maana yake ya asili, kwa kuwa lilisimamia urefu wa wimbi. Baadaye neno hilohilo likachukuliwa kwa ajili ya idadi ya mitetemo, na leo vituo vya redio na mamlaka za mawasiliano hulitumia hivyo kila siku. Lakini mambo haya mawili yanakwenda kinyume: wimbi likiwa fupi, mitetemo ni mingi, likiwa refu, mitetemo ni michache. Basi mwanafunzi akiambiwa kwamba masafa mafupi ni masafa ya juu, ana haki ya kushangaa. Hatupendekezi kuling'oa neno hili katika sheria na matangazo, kwani mizizi yake imekwisha kwenda chini. Tunasema tu kwamba katika somo la sauti halifai kuachwa peke yake.

Hapo ndipo kazi ya Brand inapotusaidia. Yeye hakupima kimo wala umbali, alihesabu mistari. Kitu kinachohesabiwa ni kingi au kichache. Kwa hiyo neno "marudio", ambalo walimu wengi wamelitumia kwa miaka mingi, linaeleza jambo lenyewe: ni mara ngapi mtetemo umerudi katika sekunde moja. Wapo wanaolipinga kwa hoja kwamba "marudio" ni pia kipindi cha redio kinachotangazwa mara ya pili. Hoja hiyo haina uzito, maana hakuna sentensi ambayo maana hizo mbili zitagongana.

Istilahi tunazopendekeza

Marudio: idadi ya mitetemo katika sekunde moja; huwa mengi au machache.

Hezi: kipimo cha marudio, yaani mtetemo mmoja kwa sekunde. Hezi elfu moja ni kilohezi moja.

Sauti nyembamba: sauti ya marudio mengi. Kinyume chake ni sauti nene.

Sauti kubwa: sauti yenye nguvu nyingi sikioni, iwe nene au nyembamba. Kinyume chake ni sauti ndogo.

Kidatu: unene au wembamba wa sauti kama sikio linavyousikia, hasa katika usemi na muziki.

Urefu wa wimbi: umbali kutoka kilele cha wimbi hadi kilele kinachofuata. Marudio yakizidi, urefu huu hupungua.

Sauti ipitayo sikio: sauti ambayo marudio yake yanazidi upeo wa masikio ya mtu. Chombo cha hospitali kinachotumia sauti hiyo kimekwisha kuitwa "altrasaundi" na wananchi, na jina hilo la chombo libaki.

"Sauti ya juu" na "sauti ya chini" ziachiwe matumizi ya kila siku, na zisiandikwe katika vitabu vya sayansi, fomu za afya wala mitihani, isipokuwa pamoja na maelezo.

Hitimisho

Mwalimu anayetaka kuyathibitisha haya hahitaji mashine. Na anunue mtungi wa Wakisi, wafinyanzi mashuhuri wa ufuko wa Matema, autie maji polepole mbele ya wanafunzi wake, kisha awaulize sauti inabadilikaje. Kadiri maji yanavyopanda, nafasi ya hewa ndani ya mtungi hupungua, na mlio huzidi kuwa mwembamba. Hauzidi kuwa mkubwa. Tunaamini kwamba wanafunzi wengi watasema "nyembamba" wenyewe, kabla ya kufundishwa. Hapo mwalimu ataandika neno hilo ubaoni, na chini yake ataandika "marudio mengi".

Tunawaomba wafasiri na walimu wayajaribu maneno haya katika kazi zao na kutuletea maoni yao, hasa mahali ambapo yatashindwa. Nao watumishi wa idara za afya na elimu tunawaomba wazipitie fomu zao za upimaji wa masikio, waone ni wapi pameandikwa "sauti ya juu", na waulize ni ipi iliyokusudiwa.